Mikono Miwili Isiyolingana

Fundi cherehani alitolewa shule darasa la pili ili kaka yake asome. Kaka akasoma, akafaulu, akasahau njia ya nyumbani. Baadaye mume naye akamwita kichwa maji kwa miaka kumi na saba, kisha akaondoka na cherehani nzuri pamoja na msichana aliyekuwa akifundishwa kuitumia. Kusamehe ni kazi ya wenye nafasi. Fundi alikuwa na sare za kushona.

Lakini Mungu hamnyimi mja wake vyote. Chumba cha uani kilipobaki wazi, akaja kupanga mwalimu wa fizikia wa chuo, mama mtu mzima, mwenye vitabu vingi kuliko viatu. Siku moja alimwomba Fundi amshonee glavu nene za kushikia vitu vya baridi kali. Fundi akazipeleka chuoni mwenyewe, na huko akaona kwa macho yake: kidonge cheusi kimelowekwa kwenye hewa iliyopozwa mpaka ikawa maji, na juu yake sumaku inaelea, haijashikwa na kitu.

"Uchawi huo, Mwalimu."

"Umeme, dada yangu. Kwenye baridi ile unazunguka humo ndani bila kukwama popote. Ila sababu yake huioni kwa macho. Inaonekana kwa hesabu."

"Basi nifundishe hiyo hesabu."

Mwalimu hakucheka. Kwa hilo peke yake Fundi anamshukuru mpaka leo.

Wakaanza na kujumlisha, asubuhi kabla wateja hawajafika. Mwaka wa tatu wakafika kwenye matriksi: namba zilizopangwa safu kwa safu ndani ya mabano, kama vifungo kwenye kadi yake. Fundi alikuwa amejiapiza moyoni: nikishindwa hapa, yule mume aliyeniita kichwa maji alisema kweli, nafunga daftari.

Akapewa matriksi mbili azizidishe, ya kwanza kwa ya pili, kisha ya pili kwa ya kwanza. Jibu moja likaanza na saba, jingine na moja. Akarudia. Saba na moja. Akarudia tena mpaka chai ikapoa. Tatu mara nne na nne mara tatu ni kumi na mbili, hata mtoto anajua! Basi akafanya kile afanyacho fundi mkono mmoja wa shati ukizidi mwenzake: akarekebisha. Akafuta jibu la pili, akaandika namba za lile la kwanza, zikalingana vizuri kabisa.

Mwalimu alipokuja akaliinua daftari kwenye mwanga. "Hapa palikuwa na moja. Nani kaifuta?"

"Mimi. Zilikataa kulingana. Si nilikwambia mimi kichwa maji, ukanibishia?"

"We mwanamke! Umepata, halafu ukaharibu!" Mwalimu akavuta kigoda. "Hebu niambie. Kitambaa cha pamba, unafua kwanza au unakata kwanza?"

"Nafua. Ukikata kwanza halafu ukafua, kinaruka, nguo inafupika, mteja anakuja kukutukania wazazi."

"Na kazi si zile zile mbili?"

"Zile zile." Mkasi ukasimama hewani. "Ila ipi imetangulia..."

"Ehee! Na chembe ndogo kabisa za umeme ziko hivyo hivyo. Pima hiki kisha kile, au kile kisha hiki, hupati mamoja. Matriksi zinalijua hilo. Majibu yako yalitakiwa yapishane."

Fundi akaweka mkasi chini. Alikuwa na miaka arobaini na sita, na hakukumbuka mtu kumwambia kwamba amepata.

"Asante, Mwalimu."

"Asante ya nini? Umekokotoa mwenyewe."

"Ya kutazama nilichofuta."

Mlangoni mtu akabisha hodi, amefuata suruali yake.

"Subiri kidogo, baba," Fundi akaitika, akachukua kalamu ya wino na kuirudisha ile moja mahali pake.