Siku Baba Alipokaukiwa na Mate

Baba yangu akishikishwa maikrofoni, wacha tu. Jua litazama kabla hajairudisha. Siku hiyo chifu alikuwa ameita baraza kwenye uwanja wa kiwanda cha kahawa hapa Karurumo, tuambiwe kwamba serikali inafikiria kulipa madeni ya viwanda vilivyolemewa, chetu kikiwemo. Mimi sikwenda kwa ajili ya madeni. Mdogo wangu, nesi aliyesoma akamaliza, kisha akakaa nyumbani bila kazi mpaka sare zikambana, alikuwa amepata visa ya kwenda kufanya kazi Ujerumani. Safari ilikuwa kesho yake, na Baba alikuwa hajambariki. Kwetu mzazi humtemea mtoto mate kidogo kwenye viganja, na mdogo wangu alikuwa ameapa kwamba bila mate ya Baba hapandi ndege. Nami nilikwenda kumchunga huyo mzee arudi mapema.

Baraza lilichemka mapema. Kijana mmoja akasema pesa za kuokoa kiwanda ni kodi yake, na yeye hana hata mti mmoja wa kahawa. Mama mmoja akauliza mbona mafundi wa barabara wanaletwa kwa visa kutoka nje, na watoto wetu nao wanatafuta visa za kwenda huko nje. "Si kila mtu angebaki kwao tu?" Tukacheka.

Kisha Baba akasimama. "Kiokoeni kiwanda!" akanguruma. "Kazi itajaa hapa, na hakuna msichana wa Karurumo atakayeenda kuogesha wazee wa watu ng'ambo!"

Makofi! Mimi nilikuwa nimekasirika mpaka masikio yanawaka, kwa sababu nilijua maneno yale hayakuwa ya serikali. Yalimlenga mdogo wangu.

Jirani yetu, mwanamke asiyeogopa mtu, akapaza sauti: "Mzee, na hicho kiwanda kitaandika nesi? Ama atadunga kahawa sindano?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko, chifu akiwemo. Baba naye, badala ya kukaa, akaanza hotuba upya, akaendelea mpaka sauti ikabaki mkwaruzo.

Tulipofika nyumbani nikashindwa kuvumilia. "Baba, serikali umeipa maneno yote. Mtoto wako umempa nini?" Kwetu baba hajibizwi hivyo. Alinitazama, akavuta kigoda, akaketi. "Haya. Mwambie alete mikono."

Mdogo wangu akapiga magoti, viganja wazi. Baba akakusanya mdomo. Ptu! Hakuna kitu. Akajaribu tena. Ptu! Pakavu.

"Si umeyamaliza barazani!" Mama akaita kutoka jikoni.

Nikamletea maji, akayakataa. "Maji hayabariki mtu. Ngojeni." Basi tukangoja, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamwona Baba amenyamaza mchana, macho yake kwenye viganja vya mtoto wake.

"Na ukigonjeka huko," akauliza polepole, "atakuuguza nani?"

Kumbe ndilo hilo! Kiwanda, kodi, wageni, kelele zote zile, na ndani yake lilikuwa swali hili moja. Hasira zangu zote ziliniisha, nikamwonea huruma.

"Lakini Baba," mdogo wangu akasema, "si mimi ndiye nesi?"

Baba alimkodolea macho. Kisha akacheka, akacheka mpaka akakohoa, na mdomo ukapata maji yake wenyewe. Akatema, tena si kidogo, huku akimwombea kwa Kiembu njia nzuri na watu wazuri.

Mama akatenga mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi. Mdogo wangu akakaa mezani amekunja ngumi zote mbili, akakataa kabisa kunawa. Baba akasogeza kiti chake karibu naye, akachukua kijiko, akamlisha.