Tumbo Lililobaki Nyuma

Kijana wa utrasaundi alikuwa anaongea vizuri tu, halafu akanyamaza.

Binti yangu alikuwa amelala kwenye kitanda cha kituo cha afya, mimba yake ya kwanza, tumbo limepakwa ule mlenda wao wa baridi. Mwanzoni kijana alikuwa ananionyesha kwenye kioo: hiki kichwa, Bibi, huu mfupa wa paja, huu moyo unadunda. Mimi naona mvua inanyesha tu, lakini naitikia. Akafika kwenye tumbo la mtoto. Akapima. Akafuta, akapima tena. Akahamishia kidude chake upande wa pili, akakandamiza mpaka binti yangu akakunja uso, akapima tena. Mtu anayerudia kitu kimoja namna hiyo hajapenda alichokiona. Kulijua hilo huhitaji shule.

"Dada, tarehe zako una uhakika nazo?"

"Ninao. Mimba ilipokuwa changa nilipimwa hapahapa, mkaniandikia nyie wenyewe."

Akavuta pumzi. "Kichwa kinakwenda na wiki zake. Mfupa nao haujachelewa sana. Tumbo ndilo limebaki nyuma, karibu wiki tatu."

Nikamwambia sisi ni watu wadogo. "Nimezaa saba, hakuna aliyezaliwa akimzidi jogoo, na wote wanashika jembe mpaka leo. Huyu unayemwona hapo alizaliwa kama sungura. Mwangalie alivyo sasa."

Akacheka kidogo, kwa heshima. "Bibi, mtoto mdogo simwogopi. Mtoto mdogo ni mdogo kila mahali, na anakua kwa mwendo wake. Ninayemwogopa ni yule anayesimama. Kwa kipimo kimoja siwezi kujua huyu ni yupi. Mrudisheni baada ya wiki mbili nione kama amesogea. Na akipunguza kucheza, msingoje hizo wiki."

"Kwa nini tumbo, si kitu kingine?"

"Kwa sababu ndiko anakoweka akiba, kwenye ini. Chakula kinachopita kwenye kitovu kikipungua, mwili wake unapeleka kichwani kwanza. Tumbo linakosa."

Nilimwelewa, na nilitamani nisingemwelewa. Nimechunga ng'ombe tangu sijaota meno ya mbele. Mwaka wa ukame, ndama ambaye mama yake hana maziwa unamjua: kichwa ni cha umri wake, mwili ni wa mbuzi. Lakini kwa kumwona siku moja unaweza kukosea. Unamwona leo kisimani, unamwona tena mwezi ukiandama, ndipo unajua kama anakua au yupo tu. Wale waliokuwepo tu, wengi wao masika hawakuyaona.

Nesi akampima presha, ikawa imepanda. Akapewa vidonge, tukarudi nyumbani Ihanja. Njiani binti yangu alikuwa ameshika tumbo kwa mikono yote miwili kama mtu aliyebeba beseni la maji.

Upepo wa kiangazi ulikuwa umeanza, ule wa vumbi na baridi, unaopiga mabati siku nzima. Mama mzaa mume wake akaja kutoka Misigiri na kuku chini ya kwapa. Aliposikia habari za kipimo cha pili, akamweka kuku chini hata bila kumfunga miguu.

"Mama mwenzangu, mtoto anapimwa kama ubao wa mlango?"

"Wanataka kujua kama anakua."

"Mtu akipimwa amelala, unajua anakokwenda."

Nilijua. Huku kwetu maiti inapimwa kwa bua la uwele, wachimbaji wajue urefu wa shimo, na bua lile linaondoka nao, halirudi nyumbani. Nilikuwepo mume wangu alipopimwa. Kwa hiyo sikumcheka. Maneno yake yaliniingia mgongoni kama maji ya mtungi.

"Mara ya kwanza nimenyamaza," akasema. "Mara ya pili mnamwita kaburini. Darasa la nne limekuharibu."

"Na wewe hukufika hata la kwanza, ila unajua kuliko daktari."

Mkwe wangu alikuwa machimboni. Alipiga simu. "Shikamoo, mama. Naomba tumsikilize mama yangu kidogo. Tusubiri." Kijana mpole. Upole wake siku ile niliuchukia.

Tukasubiri, hata zile wiki mbili zikapita. Binti yangu anakula maharage, anakula mayai, tumbo liko palepale. Kanga aliyoifunga wiki iliyopita inakutana kwenye fundo lilelile. Mama mwenzangu anaiangalia ile kanga, na mimi naiangalia.

Asubuhi moja tunapura alizeti uani, binti yangu akaweka fimbo chini.

"Mama, tangu jana hajanipiga vizuri. Anajinyoosha tu, kama mtu aliyechoka."

Nikaweka mkono. Nikakaa, nikakaa. Chini ya kiganja kukapita kitu kimoja, polepole, kisha kimya. Nikaenda kuchukua kadi ya kliniki. Mama mwenzangu akasimama mlangoni, mwanamke mpana, amejaza mlango wote.

"Sogea," nikamwambia. "Kama ni kaburi, linachimbwa hapahapa sisi tukiwa tumekaa."

Akasogea. Kisha akachukua viatu vyake, akatufuata.

Kituoni kijana alipima kichwa: kimesogea. Alipima tumbo, na safari hii hakurudia. Akaweka alama ya siku ile juu ya karatasi yenye mistari inayopanda kama njia ya mlimani. Alama ya kichwa ilikuwa njiani. Ya tumbo ilikuwa imeanguka bondeni, pembeni ya ile ya kwanza, haijapanda hata kidogo.

"Amesimama," nikasema.

"Amesimama, Bibi. Moyo bado unadunda. Muende mjini sasa hivi, nawaitia gari."

Mama mwenzangu alikuwa ameshikilia ukuta. Akavua kanga yake ya juu, akamfunika mkwe wake miguu, akasema, "Gari liko wapi?"

Mjini wakampima damu inayopita kwenye kitovu, wakakunja nyuso. Wakampa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, wakatuambia wangengoja zifanye kazi kama moyo wa mtoto ungeruhusu. Moyo uliruhusu kwa shida. Walipompasua, daktari alituambia kondo la nyuma lilikuwa dogo na gumu, lina mabaka meupe, na kwamba huko ndani mtoto asingemaliza wiki.

Wa kiume. Kichwa cha mtu, mwili wa kifaranga, ngozi imelegea kama nguo ya kuazima. Tulimweka kifuani kwa zamu, ngozi kwa ngozi, mama yake, mimi, na yule wa Misigiri. Nesi alituonya kwamba watoto kama hawa husahau kupumua. Unaona kifua kimetulia, midomo inageuka rangi. Unamgonga unyayo kwa kidole, anakumbuka, anavuta. Mara ya kwanza ilitokea kwangu. Niligonga, hakuvuta. Nikagonga tena kwa nguvu, akavuta.

Sasa anakimbiza kuku uani na matusi anayajua, na mbio zake hakuna mtoto mwenzake anayemfikia, nasema hivyo mbele ya yeyote. Lakini akilala mchana, mama mwenzangu akiwa hapa, tunakaa wawili mkekani tunachambua mboga, na hakuna anayezungumza mpaka mmoja wetu anyooshe mkono na kumgusa unyayo.