Wilhelmina Katika Meli ya Nansio

Wilhelmina alikuwa akikata vitambaa katika duka la Jayshree, pale Mirongo, na njia ya kwenda kazini aliijua kama anavyoijua nyumba yake. Asubuhi moja alifika kwenye daraja la mto, njia ikamtoka kichwani. Maduka aliyaona, rangi zake alizikumbuka, lakini yalikuwa kama ya mji wa ndotoni, ambako kila kona umeshapita na hakuna inayokupeleka popote. Miguu nayo ilikuwa na ganzi kwa wiki kadhaa. Lami aliikanyaga kama pamba.

Jayshree ndiye aliyemkuta amesimama. Hakumhoji. Alimshika mkono, akasema, "Duka liko nyuma yako, dada. Twende pamoja."

Baadaye daktari alimweleza kwamba kinga ya mwili wake ilikuwa ikishambulia utando wa mishipa ya fahamu, ubongoni na kwenye uti wa mgongo. Ndiyo maana miguu haikuisikia ardhi, na njia nazo zilimpotea. Dawa zingepunguza makali. Ugonjwa wenyewe angeishi nao. Wilhelmina akanunua fimbo. Akawa anapita kandokando ya kuta, akizigusa, na wasiomjua wakanong'ona kuwa amelewa. Hilo lilimuuma kuliko ganzi. Akaacha kwenda kokote zaidi ya kazini, hata kwao kisiwani Ukerewe.

Mwaka ukapita hivyo, mpaka mama yake alipopiga simu kusema amemkumbuka mno. Wilhelmina akapanda meli ya Nansio, bandari ya kisiwa hicho.

Katikati ya ziwa upepo ukaanza. Meli ikayumba taratibu, maji na mbingu vikawa rangi moja, na abiria waliokuwa wakifuata chai wakapepesuka, wakishika vyuma na kucheka. Wilhelmina aliwatazama kwa muda mrefu. Kisha akainuka. Akatembea kati yao, mkono kwenye chuma, akiyumba kama wao, na hakuna aliyemgeukia. Alifika mbele ya meli, akarudi, akaenda tena, mwepesi kama mtu anayeelea usingizini. Machozi yakamtoka, akayaacha yakaushwe na upepo.

Gatini Nansio ardhi ilikuwa imetulia, naye akayumba peke yake. Mama yake alikuwa akimsubiri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umechoka?"

"Sijachoka. Siku hizi natembea hivi."

Mama akaitazama miguu ya bintiye, akampokea mfuko, wakaondoka polepole wakizungumza habari za mihogo.