Nyumba ya Maziwa na Nyumba ya Samaki

Nimelala katika nyumba za watu wengi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Niliacha shule nikiwa darasa la tatu. Sikufukuzwa, ila barabara ilipita mbele ya shule, malori yalipita barabarani, nami sikuweza kusikiliza hesabu huku nikijiuliza yanakwenda wapi. Baadaye nikajua. Nilichimba bati Kyerwa, nikapakia kahawa, nikavusha watu Mto Kagera kwa mtumbwi usio wangu, nikachunga ng'ombe wa watu msimu mzima. Nyumbani kwetu Kituntu nilikuwa nikirudi kama mgeni: napikiwa, naulizwa habari, halafu wanangoja niondoke tena.

Kwa hiyo nilishangaa kaka yangu aliponiita na kuniambia kwamba familia inataka kwenda kupumzika ziwani, na mimi ndiye nichague nyumba ya kufikia.

Ilikuwa miaka michache kabla ya uhuru. Mama alikuwa ametoka hospitali ya misheni baada ya kulazwa muda mrefu kwa ugonjwa wa tumbo. Ugonjwa wenyewe umekwisha, alisema daktari, lakini mama alikuwa hali chakula. Vijiko viwili vya uji, kipande cha ndizi kisichojaza kiganja, basi, anasukuma sahani. Alisema kila kitu kina ladha ya dawa. Kanga aliyokuwa akiifunga mara moja sasa ilimzunguka mara mbili. Daktari aliagiza asishike jembe, asibebe maji, anywe maziwa kwa wingi, tena aondolewe nyumbani kabisa, maana akiwa nyumbani hatatulia. Kwao ng'ambo, alieleza, mtu aliyetoka hospitali hupelekwa kando ya ziwa akakae tu. Kisha akamvuta kaka pembeni akamwambia kwamba mama asipoanza kula kabla ya mvua, yeye hawezi kuahidi kitu.

"Niende kwa watu nikalale mchana?" mama aliuliza alipoelezwa. "Watadhani nimefiwa."

Kaka alikuwa mwalimu, na likizo ilikuwa kitu chake. Sisi wengine hatukuwa nayo. Alikuwa amekwisha kupanga siku kumi. Ziwa alilolifikiria ni lile dogo lililo bondeni chini ya Bugomora, lenye mafunjo pande zote isipokuwa mahali pamoja ambapo watu huteka maji na kuegesha mitumbwi. Alilijua kwa jina tu. Mimi nilikuwa nimelizunguka lote kwa miguu.

"Nyumba iwe ya Walutheri wenzetu," alisema, "na pombe isiingie."

Mke wake, shemeji yangu, akasema, "Mimi nataka choo cha maana. Na isiwe karibu na maji. Viboko hawajui huyu ni mtoto wa mwalimu."

Nikamgeukia mama. "Na wewe mama?"

"Popote ambapo hawatanihesabia vijiko."

Nilitangulia peke yangu, siku mbili njiani, nikikaa mahali pengine nusu saa zaidi ya ilivyohitajika kwa sababu ya kuuliza maswali. Kazi ile niliipenda kuliko kazi yoyote niliyowahi kupewa. Nilijiona mtu wa maana. Nyumba zenye nafasi ya kupokea wageni sita zilikuwa mbili tu.

Ya kwanza ilikuwa ufukweni hasa, kwa mkulima mwenye mtumbwi. Migomba yake ilishuka mpaka kwenye mafunjo, na kati ya migomba kulikuwa na mibuni. Nyavu zilianikwa juu ya ua. Mke wake alinipa kahawa ya kutafuna, akaniuliza mambo mengi kuliko niliyomuuliza, jambo ambalo si watu wengi walioliweza. Nilichungulia choo: kilikuwa na paa nusu. Nililala pale usiku mmoja nikapigwa na mbu, lakini asubuhi niliamka nikacheka bila sababu. Walikuwa Wakatoliki, na mtungi wa rubisi, pombe ya ndizi, ulikaa wazi karibu na mlango kama mtu wa nyumbani.

Ya pili ilikuwa juu kidogo, mwendo wa nusu saa, kwenye nyasi fupi ambako upepo haukomi na mbu hawafiki. Mwenye nyumba alikuwa mfugaji, mtu mzima, mrefu, mtaratibu wa maneno. Sakafu ilitandikwa nyasi mpya. Vyombo vya maziwa vilipangwa kwenye kichanja chao, vya mti, vyeusi kwa kufukizwa moshi, kila kimoja na kifuniko chake cha ukindu. Choo kilikuwa na mlango unaofungwa. Ukutani palikuwa na msalaba, na chini yake kitabu cha nyimbo kilichochakaa kwa kushikwa. Alikuwa Mlutheri, na Jumapili yeye ndiye aliyeongoza nyimbo kanisani. Nilikagua paa kama linavuja, nilikaa mahali ambapo mama angekaa nione jua linaingilia wapi, nikawauliza watoto nani anakoroma. Kila kitu kilikuwa sawa.

Nilijua kwamba wafugaji wa kwetu hawali samaki, na kwamba aliyekula samaki hapewi maziwa yao, kwa kuhofia kuwadhuru ng'ombe. Mwenyewe nilipochunga nilikaa msimu mzima bila kuonja hata dagaa. Lakini nilikitazama kile kitabu cha nyimbo, nikaona jinsi kilivyochakaa, nikajiambia kwamba hapa mambo hayo yamekwisha. Sikuuliza. Mimi niliyeuliza nani anakoroma.

Tulikwenda. Lori la kahawa lilitubeba sehemu ya njia, halafu mama akakaa nyuma ya baiskeli, kaka akiisukuma upande mmoja na mimi upande wa pili, na shemeji na watoto wake wawili wakifuata na mizigo. Mama alikuwa mwepesi mno. Tulipopanda kilima hatukuhema.

Siku mbili za kwanza kaka alinisifu. Mfugaji na mkewe walitupokea kama ndugu. Asubuhi na jioni mama aliletewa maziwa, na sisi sote tukaketi kumtazama. Alikunywa nusu kikombe, akashukuru, akakiweka chini. Chakula alikirudisha kama alivyokipokea. Shemeji alijaribu uji, viazi, ndizi zilizopondwa. Mama alikaa mlangoni akilitazama ziwa kule chini.

Siku ya tatu nikachoka kukaa. Niliwachukua watoto wa kaka, msichana wa miaka sita na mdogo wake, tukateremka kwa yule mkulima wa ufukweni. Alikuwa ameamkia ziwani na kupata ngege, samaki wale wapana wa maji yetu, na mkewe akawafunga kwenye majani ya mgomba akawalaza kwenye makaa. Tulikula mpaka vidole vikanata.

Jioni, ng'ombe walipokwisha kukamuliwa, mke wa mfugaji alikuja na chombo akaanza kumimina. Msichana akasema, "Mimi nimeshiba. Baba mdogo alitupa ngege."

Mwanamke yule alikuwa ameinama. Mkono wake ukasimama. Akarudisha kifuniko juu ya chombo, taratibu, kama anayemfunika mtoto aliyelala.

"Nani wengine?" aliuliza.

"Na huyu. Na baba mdogo. Baba mdogo alikula watatu."

Shemeji alinitazama kwa namna ambayo nilikuwa nimeizoea tangu alipoolewa kwetu. Mfugaji aliitwa. Alisikiliza, akaketi kwenye kigoda chake.

"Samaki ni chakula chenu," alisema. "Sina ugomvi nacho. Lakini aliyekula samaki hatakunywa maziwa ya nyumba hii safari hii. Ng'ombe huvimba matiti."

"Mzee," kaka alisema, "sisi ni Wakristo. Wewe mwenyewe ndiye unayeongoza nyimbo."

"Naongoza."

"Sasa mambo haya ya mwiko..."

"Mwalimu, tulibatizwa sisi. Ng'ombe hawakubatizwa."

Kaka hakuwa mtu wa kukubali upesi. "Hata Petro alikuwa mvuvi, mzee."

"Alikuwa na ng'ombe wangapi?"

Mke wa mfugaji aliangalia pembeni ili asicheke. Mwisho mzee akasema jambo la busara, wala hakulisema kwa hasira: watu watatu wa samaki walale kule chini, waliobaki wakae hapa na maziwa yao, na kila mtu aendelee na mapumziko yake. Nilitamani kuzama ardhini. Niliyetumwa kuiweka familia mahali pamoja nilikuwa nimeigawa mara mbili.

"Walimpikaje huyo ngege?" mama aliuliza kutoka mlangoni.

Tulikuwa tumemsahau. Msichana akamwendea. "Kwenye majani, bibi. Kwenye moto."

"Magamba walitoa?"

"Hapana. Yalitoka yenyewe na jani."

Mama akamshika mkono mjukuu wake, akaunusa. Akaunusa tena. "Ndivyo shangazi alivyokuwa akifanya," alisema. "Na kichwa alikula nani?"

"Hakuna. Tuliwapa paka."

"Paka," mama alisema, na uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyeibiwa.

Ndipo tuliposikia, mimi na kaka kwa mara ya kwanza, kwamba mama alilelewa miaka kadhaa na shangazi yake aliyeolewa kando ya Mto Kagera, na kwamba alikula samaki karibu kila siku mpaka alipoletwa Kituntu kuolewa. Kule wakwe zake walishika pua. Akaacha, na hakulisema tena. Mimi nilikuwa nimewauliza wachimba bati wote wa Kyerwa walikotoka na walichokula utotoni mwao.

"Nitateremka na hawa," alisema.

"Mama, daktari alisema maziwa," kaka alisema.

"Daktari alisema nile. Maziwa nayanywa kwa sababu mnanitazama. Mngetazama pembeni ningempa paka." Kisha akamgeukia mfugaji. "Nisamehe, baba. Maziwa yako ni mazuri. Ubaya uko kwenye mdomo wangu."

"Nenda mama," mzee alisema. "Mtu akipata hamu baada ya ugonjwa asicheleweshwe."

Kaka na mkewe walibaki juu. Kuondoka wote kungekuwa tusi, na kaka alikuwa mwangalifu wa mambo hayo, tena hakutaka kulala nyumba moja na ule mtungi. Asubuhi nilimshusha mama polepole. Mara tatu tulipumzika njiani, na kila mara nilijiuliza ninampeleka kwenye mbu na choo cha nusu paa kwa sababu ya harufu ya mkono wa mtoto.

Mke wa mkulima alituwekea ngege wa mchuzi pamoja na ndizi. Mimi niligeuza macho kwenye nyavu. Mwenyeji wetu hakutazama kwa sababu hakujua kwamba kuna kitu cha kutazama. Alikuwa akisimulia habari ya kiboko aliyekula viazi vyake. Mama alianza na mkia. Alitoa mwiba, akauweka ukingoni mwa sahani, akatoa mwingine. Sikuthubutu kugeuka. Nilihesabu sauti za miiba ikigusa sahani ya bati. Aliacha ndizi zote na nusu ya samaki.

Nusu aliila. Nilitoka nje nikatembea mpaka kwenye mitumbwi, nikarudi.

Siku iliyofuata alimla samaki mzima na ndizi mbili. Siku ya tatu alitapika, akalala mchana kutwa uso ukiwa ukutani, na kaka aliposhuka kuuliza habari niliogopa kumwambia. Nilimwambia. Akanipa shuka nzito aliyoileta kutoka juu, akarudi. Jioni ile mama aliomba supu ya kichwa, akainywa.

Kila asubuhi kaka alishuka. Alikomea nje ya ua, kwa kuukwepa mtungi wa rubisi, nami nikamtokea hapo kumpa taarifa kama mlinzi wa zamu. Siku ya saba nilimkuta amekwisha kufika, amesimama akisikiliza. Ndani ya jiko sauti mbili za wanawake zilikuwa zinashindana.

"Mama anagombana?" aliuliza.

"Tangu jua lilipotoka. Anasema jana supu haikuwa na chumvi, na ndizi zilitolewa motoni kabla hazijaiva."

Tukasikia mke wa mkulima akisema, huku akicheka, "Njoo basi upike mwenyewe, mama, mimi nimeshindwa nawe."

"Ninakuja. Daktari alikataza jembe, chungu hakukitaja. Hiki nacho ndicho mnachokiita kipande? Mimi nimetoka mbali, mwanangu. Nipe yule mkubwa."

Nilitaka kuingia nimwambie mama asitutie aibu kwenye nyumba ya watu. Kaka alinishika mkono. Sasa alikuwa ameketi kwenye nyasi zenye umande na suruali yake ya ualimu, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya.

"Usiingie," alisema. "Mwache amalize."