Masikio ya Kiponda

Mimi ndiye niliyempa Kiponda kile kiredio. Nalisema mapema, nisije nikaonekana najificha nyuma ya makosa ya mtu mwingine.

Kiponda ni mtunza bustani, mimi ni mpishi, na sote tunafanya kazi katika nyumba moja ya wageni hapa Malindi. Yeye anakaa Ganda na huja kazini kwa baiskeli. Njia yenyewe si ndefu kwa mtu mwenye miguu kama ile, lakini Kiponda alikuwa akiimaliza kwa saa nzima na ushei, kwa sababu kila aliyemkuta alimsalimu, na si salamu ya kupunga mkono. Alishuka. Aliuliza mmeamkaje, watoto wameamkaje, yule aliyekuwa akikohoa anaendeleaje, na mbuzi je, wamezaa? Kisha naye akaulizwa, akajibu yote. Akifika kazini jua limeshapanda, anakuja moja kwa moja dirishani kwangu kunimwagia habari za barabara nzima: nani kajifungua, nani kafiwa, nani kaanguka mnazini akaponea chupuchupu.

Mimi ni mtu wa Rabai, salamu ndefu nimezaliwa nazo. Lakini asubuhi nina mayai ya watu kumi na wawili motoni, na subira sikujaliwa. Tena msimamizi wetu, Njoroge, alikuwa ameshamwonya Kiponda mara mbili kwa kuchelewa. Basi mgeni mmoja akasahau chumbani kiredio cha memori, kidogo kama kiberiti, na waya zake za masikioni. Tulipompigia simu alisema tukichukue. Nikampa Kiponda.

"Tia hizi masikioni," nilimwambia, "ukanyage baiskeli, ufike mapema. Nami unipumzishe."

Alifurahi kupita kiasi. Jioni ile ile alipitia kwa fundi wa simu sokoni akajaziwa nyimbo za bango. Tangu hapo akawa anaingia langoni saa moja kasorobo, waya zimefichwa chini ya kofia, kichwa kikinesa kwa ngoma. Njoroge alimsifu mbele ya watu. Jikoni kwangu kukatulia, nikajipongeza. Wafanyakazi wengine wanaotoka Ganda walininong'oneza kwamba siku hizi Kiponda hana salamu, anawapita watu kama anapita miti. Nikacheka.

Mwezi haukwisha akagombana na mkewe, Kadzo. Kadzo alikuwa amejitwisha dumu la maji ya kunywa kutoka mbali, maana mfereji wa karibu ulikuwa mkavu wiki nzima. Kiponda, masikio yamezibwa, akalichukua dumu lile akaoshea baiskeli. Mwanamke alimpigia kelele tangu mlangoni, asiyamwage. Mwenzake anafuta spoki tu, kichwa kinanesa, mpaka tone la mwisho. Kadzo hakugombana tena. Alijifunga leso, akaenda kwa mamake, ambaye boma lake liko kando ya njia ile ile anayopita Kiponda kila asubuhi.

Sasa, kwetu, mke akirudi kwao, mume haendi peke yake kumchukua kama mtu anayedai sufuria aliyoazimisha. Huenda na mkubwa wake, wakaketi, wakaomba radhi. Mkubwa wa Kiponda ni ami yake anayekaa kijiji cha Adu, na ami alikuwa kwenye mavuno ya mahindi, akasema angojwe. Kadzo naye hakuzipokea simu za mumewe. Kiponda akangoja.

"Wiki ya tatu hii, dada Pamela," aliniambia, na uso umemshuka. "Nyumba imekuwa kubwa. Ami akifika tu, namfuata mke wangu."

"Utamfuata na masikio yako hayo ya waya?" nilimtania. Mungu anisamehe.

Jambo jingine la kwetu ni la mtu na mama mkwe wake. Hawatazamani usoni. Mama mkwe haingii nyumbani kwa mkwewe hivi hivi. Wakikutana njiani, mwanamume hushuka, huinamisha macho, husikiliza anachoambiwa, na jibu lake huwa ni kichwa. Kichwa hicho kikiinama ni neno kamili, hakiulizwi mara mbili.

Haya yaliyofuata niliyajua baadaye, lakini nayaweka yalipotokea. Jumanne asubuhi mamake Kadzo alisimama kando ya njia akimngoja.

"Mutsedza," alisema, kwani ndivyo mkwe anavyoitwa kwetu, "amekuja wakala wa kazi za Uarabuni. Kadzo pasipoti anayo tangu kabla hujamwoa. Nafasi imepatikana, ni miaka miwili, na wanaondoka kesho kutwa kwenda Nairobi. Mimi siwezi kumtoa mke wa mtu bila neno la mumewe. Wamridhia aende?"

Kiponda alikuwa ameshuka. Ameshika usukani, macho ameyatupa kwenye vumbi kama heshima inavyotaka, na katika vumbi lile aliona vidole vya miguu ya mama mkwe na pindo la leso, basi. Alidhani ni salamu ya kila siku. Kuzitoa zile waya mbele yake aliona haya, maana angekuwa anamwonyesha mkwewe kwamba alikuja na masikio yaliyozibwa. Akasema moyoni, salamu itakwisha sasa hivi. Na wimbo ulikuwa umefika pale panapomkolea. Kichwa kikaenda chini, kikapanda, kikaenda chini.

Mama akageuka akatazama uani kwake, kisha akauliza tena. "Mutsedza, wamridhia?"

Kichwa kikaenda chini tena.

Siku ile Kiponda alifika mapema kuliko siku zote. Alinichungulia dirishani, ameng'ara. "Leo nimeonana na mama mkwe. Ameniamkia vizuri kabisa, dada. Naona hawana kinyongo."

Nami nikafurahi naye.

Ami akafika Jumamosi. Wakaenda na kreti ya soda, sukari, na leso mpya. Wakakaribishwa, wakaketi. Ami akaanza kuomba radhi kwa maneno mazuri, na ni mtu anayejua kusema. Hakufika mbali. Mama mkwe, aliyekuwa ndani nyuma ya pazia, alimkatiza.

"Mwaja kumchukua nani? Kadzo hayupo. Si mkwe mwenyewe alimridhia Jumanne? Nilimuuliza mara mbili."

Ami alimgeukia Kiponda. Kiponda akaona kila kitu kwa mara moja: vumbi, vidole, wimbo. Na hapa ndipo ninapomkasirikia mpaka leo. Angesema kweli pale pale, angetukanwa, ami angepiga magoti, na jioni ile simu ingepigwa Nairobi. Kadzo alikuwa bado huko, wanafundishwa kazi za nyumba, ndege ni Jumatano. Lakini Kiponda aliona aibu kusema kwamba alisimama mbele ya mama mkwe akisikiliza muziki. Alinyamaza. Ami akachukua kofia yake, akamwambia kwamba amemtoa kote Adu aje kuvishwa aibu, akaondoka.

Jumatatu alinieleza yote, amesimama mlangoni na mkasi wa maua mkononi. Nilimrukia kwa maneno. "Mpigie! Sasa hivi, hapa hapa!"

Simu yake inasikika kwa spika tu, kwa hiyo nilisikia yote. Mara hii Kadzo alipokea.

"Kadzo, mimi sikukuridhia," Kiponda alisema. "Wallahi sikusikia alilosema mama. Nilikuwa na waya masikioni. Kichwa kilikuwa kinafuata ngoma."

Nyuma ya Kadzo zilisikika sauti za wanawake wengi.

"Siku ile nilikuwa uani," alisema hatimaye. "Nyuma ya makuti. Nguo zangu nilikuwa nimezifunga, Kiponda, na hazikuwa za Nairobi. Zilikuwa za kurudi kwako. Ungekataa tu, ningetoka pale pale tukaenda nyumbani. Ulipoitikia, nilimwashiria mama akuulize tena. Nikasema, huyu labda hakusikia."

"Sikusikia! Ndivyo ninavyokwambia!"

"Na Jumamosi? Mama amenieleza. Jumamosi ulisikia, mbele ya ami, na hukusema kitu. Nilishinda na simu mkononi mpaka jua likatua. Leo asubuhi nimetia sahihi."

"Kadzo, mke wangu..."

"Kaa salama," alisema, bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nilitaka kuipokonya simu ile nimwambie ni mimi, dada, mimi niliyechoka na salamu zake, nikampa kitu cha kumnyamazisha. Sikuipokonya. Vitunguu viliungua nyuma yangu, nikaviacha viungue.

Kiponda aliitazama simu, kisha akanitazama mimi.

"Amesemaje?" aliuliza.

Alikuwa amesikia kila neno. Nilijua amesikia. Lakini aliuliza tena, taratibu, kama mtu anayemwomba mwenzake ambadilishie jibu. "Dada Pamela, amesemaje?"

"Amesema anakwenda," nikamwambia.

Na Jumatano akaenda.