Maharagwe ya Kirolirwe

Miaka michache baada ya uhuru nilirudi Masisi na daftari, kalamu mbili na kiburi cha mtu aliyesoma. Nilikuwa naandika tasnifu ya uandishi wa habari kwa ajili ya chuo kikuu kilichoko mbali, na swali langu lilikuwa moja: habari hufika lini vilimani, na nani huichelewesha? Nilichora safu mbili. Ya kwanza, saa habari ilipofika kijijini. Ya pili, saa alipoambiwa mwenye habari, yaani yule inayemhusu.

Nilifikia Kirolirwe, kwa katekista mmoja na mkewe, wakulima wa maharagwe na muhogo. Mama yangu nilikuwa nimemwacha nyumbani Mubi, mgonjwa kitandani, anatunzwa na dada yangu. Alinisukuma mwenyewe niende nikamalize kazi. Dada nilimwambia kwamba mambo yakiharibika, atume neno kwa lori lolote linalopanda Masisi. Kila liliponguruma lori, nilitoka mlangoni.

Wenyeji wangu walinichosha. Niliuliza juu ya jirani mmoja aliyefiwa: habari ilifika asubuhi, kwa nini yeye aliambiwa jioni? Katekista alishangaa. Mtu alikuwa ametoka shambani, hajatia kitu mdomoni, angeambiwaje? Nikaandika kwamba mjumbe huficha habari, nikapigia mstari. Mkewe alinitania kuwa mgeni ni siku mbili, ya tatu apewe jembe, na mimi jembe lingenifundisha kungoja. Nilicheka, lakini neno hilo liliniuma.

Wiki ya pili, siku moja, nilirudi mchana kutoka kuwahoji wachungaji wa ng'ombe kilima cha pili. Nilikuta chakula tayari, ugali wa muhogo na maharagwe. Nilitaka kumhoji katekista kwanza, maana siku zilikuwa zinaniishia. Alikataa.

"Kula kwanza, mutoto yangu. Maswali itakungoya."

Mkewe aliketi kando yangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaniongezea maharagwe mara mbili. Nilikula upesi, nimenuna, daftari wazi magotini. Nilipokwisha kunawa, katekista alilichukua daftari, akalifunga.

"Lori ya Mubi ilipita asubui," alisema. "Mama yako haiko tena."

Huzuni ilinijia baadaye; kwanza ilikuja hasira. Nilimuuliza kwa nini hakutuma mtu aje kuniita, nami nilikuwa kilima cha pili tu. Mkewe ndiye aliyejibu.

"Njia ya Mubi iko murefu. Kama tungekuambia asubui, ungekula nini tena?"

Chini barabarani lori jingine lilikuwa linaningoja. Katekista alikuwa amemsihi dereva wake tangu asubuhi asiondoke bila mimi. Nililia njia nzima. Kwa siku mbili sikuweza kumeza hata maji vizuri, na bado nilisimama kaburini kwa miguu yangu mwenyewe.

Nilipoandika tasnifu, ule mstari juu ya mjumbe niliufuta. Mama yangu nilimtia katika safu zangu bila jina, kama wafu wa wengine: ilifika asubuhi, ikasemwa mchana. Mwalimu wangu aliweka kidole juu ya zile saa mbili, akataka kujua ni kitu gani kilichomchelewesha mjumbe. Nilikuwa nimeandaa jibu refu la kisomi. Nililiacha.

"Mwenye habari alikuwa hajala," nilimwambia.