Kumwambia Kapteni Amekosea

Barua pepe ya kuniita usailini ilinikuta juu ya mti wa parachichi, nyumbani kwetu nje kidogo ya Runyenjes. Niliisoma nimeshikilia tawi kwa mkono mmoja, nikaisoma tena, kisha nikaanza kuitafutia kosa. Labda walimkusudia mtu mwingine. Labda nyingine ingefuata, ya kuomba radhi. Mama, aliyekuwa chini akiyapanga matunda kwenye gunia, aliniuliza kama nimeona nyoka.

"Nimeitwa, Mama. Ile kampuni ya ndege. Wanataka kunihoji."

"Basi shuka polepole," akasema. "Usivunjike mguu kabla hawajakuona."

Leseni ya urubani nilikuwa nayo. Kazi ndiyo sikuwa nayo. Tangu nimalize chuo cha urubani nilikuwa nimerudi nyumbani, nikisaidia kuchuma kahawa na kutuma maombi ambayo hayakujibiwa. Kampuni iliyoniita ilikuwa ndogo, ya ndege ndogo za rafadha, zile zenye mapanga yanayozunguka mbele, zinazotua kwenye viwanja vya vumbi, na ilitaka rubani msaidizi, yule anayeketi kulia kwa kapteni. Wenzangu niliosoma nao walikuwa na walimu wa kuwaandaa kwa usaili. Mimi nilikuwa na simu yangu na video nilizozipakua kwenye saiba, duka la intaneti la mjini, ambazo nilizitazama mpaka nikajua mwalimu wa kwenye video atakohoa wapi.

Niseme ukweli kuhusu siku hizo, hata kama haunipendezi. Nililifua shati jeupe ambalo halikuwa limevaliwa. Niliandika majibu, nikayakariri, nikayarekodi kwa simu, na kila nilipojisikiliza nilitamani kuitupa simu chooni. Sisi watu wa huku herufi *d* hatuitoi peke yake, lazima *n* itangulie. Nilikaa nyuma ya jiko nikirudia maneno ya Kiingereza ya kushuka na kupaa mpaka kuku wakazoea. Chakula hakikupita. Mama alikuwa akisema ninatembea kama mtu anayetafuta ufunguo.

Lakini kilichokuwa kikinikosesha raha hasa hakikuwa lafudhi. Barua ilisema sehemu ya pili ya usaili ingefanyika Nairobi, ndani ya mashine ya kuigiza urukaji, mimi nikiwa rubani msaidizi na mmoja wa marubani wao akiwa kapteni. Kutokana na video nilijua wanachotafuta. Kapteni atafanya kosa makusudi. Ataishusha ndege kupita kimo kinachoruhusiwa, kwa mfano, halafu atangoja aone kama utamwambia. Hatua nilizijua: kwanza unataja unachokiona, halafu unasema wasiwasi wako, halafu unamwambia la kufanya. Asipolifanya, unachukua usukani. Ukinyamaza, kazi huna, hata kama mengine yote umeyajibu vizuri.

Nami sikuwa nimewahi kumwambia mwanamume wa umri wa baba yangu kwamba amekosea.

Kwetu mtu mzima haambiwi. Anadokezewa. Mgeni akija amevaa sweta ndani nje, unamwambia, "Leo ulitoka haraka," ajitazame mwenyewe. Kanisani mzee akianzisha ubeti usio wa wimbo ule, sote tunamfuata kwenye ubeti huo huo, na mpiga kinanda pia, mpaka tufike mwisho wa wimbo salama na wimbo wenyewe ukiwa umepotea. Hakuna anayecheka. Nilikuwa nimelelewa hivyo na nilijivunia kuwa mtoto mwenye adabu. Sasa adabu hiyo ndiyo ingeninyima kazi.

Nikamwomba Baba afanye mazoezi nami. Baba ni dereva mstaafu wa lori la chama cha kahawa na mzee wa kanisa, na bado ana pikapu yake ndogo ya kubebea mazao ya majirani. Tuliweka viti viwili kwenye stoo ya kahawa. Ukutani nilikuwa nimebandika karatasi zilizoungwa na gundi, zenye picha ya vyombo vyote vilivyo mbele ya rubani. Nikamweleza kazi yake: aishushe ndege, asisimame, asinisikilize upesi.

Aliipenda kazi hiyo kupita kiasi.

"Abiria wetu," akatangaza, "tunakaribia Runyenjes. Walio na kuku washike kuku. Wa kushukia sokoni wajitayarishe."

"Baba, tafadhali."

"Baba ni nani? Mimi ni kapteni. Tunashuka."

"Samahani, Kapteni, sijui kama umeona..."

"Nimeona nini?"

"Yaani kile kimo, kama hutajali, nadhani kidogo..."

Mama alikuwa mlangoni na ungo wa maharagwe. "Ndege imeshaanguka," akasema, "na wewe bado unaomba samahani."

Tukarudia. Kila mara sauti yangu ilipanda mwanzoni na kuzama katikati, na kila mara Baba alitua salama kwenye magunia huku mimi nikitafuta neno la heshima. Mwishowe Mama aliweka ungo chini. "Lakini wewe si mama yake? Mkemee basi."

Hilo linahitaji kuelezwa kwa wasio wa kwetu. Nilipewa jina la mama yake Baba, kama desturi yetu ilivyo, na kwa sababu hiyo Baba huniita Mama tangu nikiwa mchanga. Akinituma maji husema, "Mama, niletee maji." Nikikohoa huuliza, "Mama ana nini?" Ni utani na si utani. Lakini haki aliyokuwa nayo nyanya, ya kumkaripia mwanawe, sikuwahi kuitumia. Nilicheka tu Mama aliposema vile, nikaomba tuanze upya.

Siku chache kabla ya usaili, mimi na Baba tulienda Meru mjini kuchukua koti langu kwa fundi ambaye Mama anamwamini kuliko wote wa Embu. Lilikuwa limenikaa vizuri. Hata hivyo nilimwomba fundi apime mikono tena, na alipomaliza nikamwomba tena, mpaka akamuuliza Baba kama ninaolewa. Tulianza safari ya kurudi mchana, na tulipofika pale barabara inapoanza kujipinda ikishukia madaraja ya mito inayotoka mlimani, ukungu ulikuwa umetanda.

Macho ya Baba yalikuwa yameharibika. Sote nyumbani tulijua. Tulikuwa tumemwona akimimina chai kando ya kikombe. Tulikuwa tumemsikia akisoma Biblia kwa kukumbuka, ukurasa ukiwa si wenyewe. Mama alianza kuacha taa ikiwaka na kusema ni yeye haoni. Hakuna aliyekuwa amesema neno.

Kwenye kona ya kwanza pikapu ilikwenda katikati ya barabara. Kwenye ya pili ilipita katikati.

"Baba," nikasema, "ukungu umeingia mapema leo."

"Ee. Mwezi huu ni wake."

"Na barabara hii ina malori mengi."

"Malori yana njia yao."

Tulikuwa kwenye njia yao. Niliiona mistari ya barabara ikiwa upande usiofaa. Miguu yangu ilikuwa inakanyaga breki ambayo haikuwepo, na mdomo wangu ulikuwa unatafuta dokezo la tatu, lenye nguvu kidogo lakini lisilokosa heshima. Sikulipata. Taa mbili zilitokea ndani ya ule weupe pamoja na honi ndefu. Baba akavuta usukani kushoto, magurudumu yakapiga kokoto, lori likatupita karibu sana hata pikapu ikayumba. Tukasimama kando ya mtaro, injini imezimika.

Baba akacheka. "Hawa madereva wa siku hizi."

Akashika ufunguo ili awashe gari.

Nilitaka kusema "Baba" na neno halikutoka. Lililotoka lilikuwa lingine. "Kijana wangu," nikasema, na sikuitambua sauti, "wewe huoni. Huoni ukungu, huoni barabara. Shuka. Nipe huo ufunguo."

Aligeuka akanitazama kwa muda mrefu, au alitazama mahali nilipokuwa.

"Mama hakuwa akipiga kelele hivyo," akasema. "Alikuwa anatumia mwiko."

"Mwiko tumeuacha nyumbani. Shuka."

Akashuka. Alizunguka mbele ya gari mkono wake ukifuata boneti, asiuache hata kidogo, na hapo ndipo nilipojua ilikuwa mbaya kuliko tulivyodhani. Niliendesha mimi. Kila nilipobadilisha gia ilikuwa kelele tupu, na kwa mara ya kwanza hakuniambia lolote kuhusu klachi. Tulivuka madaraja yote. Tulikuwa tumekaribia Runyenjes alipouliza:

"Mmejua tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

"Wewe na mama yako?"

"Sote. Hata majirani."

Akafuta kioo cha upande wake kwa kiganja, ingawa hakukuwa na kitu cha kuona. "Na mkaniacha niendeshe," akasema.

Sikuwa nimelifikiria hivyo. Nilidhani tulikuwa tunamheshimu.

Wiki hiyo Mama alimpeleka hospitali Embu, wakamwambia ni mtoto wa jicho, na kwamba anaweza kupasuliwa. Mazoezi yetu ya stoo yaliendelea, lakini Baba hakutania tena abiria wa kuku. Alikaa kwenye kiti chake akiitazama karatasi ambayo hakuiona, akaishusha ndege bila kutangaza. Nilipomwita kijana wangu, alinikatiza. "Hilo ni letu. Huko hakuna atakayekuwa mtoto wako. Mwite kwa cheo, mwambie." Alisema kweli. Kule barabarani nilikuwa nimejificha nyuma ya jina la mtu mwingine, na huko Nairobi ningekwenda na langu tu. Nilifanya mazoezi mpaka sauti ikakauka, na bado sikujiamini.

Siku ya usaili nilifika mapema mno, mlinzi akanipa kiti chake. Sehemu ya kwanza nilijibu kwa kasi hadi mwanamke mmoja kati ya waliokuwa wakihoji akainua mkono na kusema, "Pumua." Nikapumua, nikasahau swali.

Kapteni wa sehemu ya pili alikuwa mzee mwenye mvi, mpole. Ningefurahi angekuwa mkali. Aliniita binti yangu, akanisaidia kufunga mkanda, akaniuliza kama nimepata kifungua kinywa. Kisha mlango wa mashine ukafungwa, mbele yetu kukawa na mawingu, na tukaanza kushuka kuelekea uwanja ambao hatukuuona. Kanuni ni nyepesi: ukifika kimo kile cha mwisho na njia ya kutua haionekani, unapaa. Sindano ya kimo ilifika pale. Nje kulikuwa kweupe. Hakupaa.

"Kapteni, kimo," nikasema, kwa Kiingereza kile cha nyuma ya jiko.

Sindano ilizidi kushuka.

"Samahani, Kapteni, nadhani..."

Neno hilo lilitoka lenyewe. Nililisikia likining'inia mle ndani, na nikaona weupe ule mbele ya kioo, na kwa muda sikujua niko wapi.

"Kapteni, tumepita kimo. Njia haionekani. Paa sasa."

Hakutikisika. Mikono yake ilikaa kwenye usukani kama ya mtu anayesinzia.

"Nachukua usukani," nikasema. Nikausukuma mbele wenzo wa kuongeza nguvu ya injini, nikainua pua ya ndege. Kila kitu kikanguruma na ule weupe ukaanza kushuka chini yetu.

Baadaye, taa zikiwa zimewashwa, alivua vipokea sauti masikioni.

"Uliniomba samahani."

"Ndiyo."

"Kwa kosa gani?"

"Sikuwa na kosa. Nililelewa hivyo."

Akatikisa kichwa polepole. "Samahani hiyo imetupotezea futi nyingi. Siku nyingine hutakuwa nazo za kupoteza." Kisha akanifungulia mlango, akaniambia nitazame ngazi.

Niliporudi nyumbani sikulala vizuri wala kula vizuri. Nililirudia lile neno moja nikioga, nikichuma kahawa, nikijibu salamu za watu. Nilikuwa nimeshahesabu kuwa nimefeli. Simu ilipolia, mwanamke yule yule aliyeniambia nipumue alisema wamenichukua, kwa kipindi cha majaribio, na kwamba kapteni ameandika nifanyiwe mazoezi zaidi ya kusema mapema. Nilimshukuru. Nilipokata simu, nilichokuwa nakisikia ni hilo la mwisho tu.

Baba alikuwa amekaa barazani, jicho moja likiwa limepasuliwa na kitambaa kimeshaondolewa. Nilimweleza yote, pamoja na samahani. Hakuuliza habari za mshahara.

"Huyo kapteni alikasirika ulipomnyang'anya?"

"Hapana. Alikuwa anangoja."

"Mimi nilikasirika," akasema Baba. "Hata wali wa mama yako sikuusikia ladha wiki nzima."

Nilimuuliza kama bado amekasirika. Akanitazama kwa jicho hilo moja, sawasawa, usoni kabisa, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miezi.

"Kidogo," akasema.

Ninaanza Jumatatu. Nimeuliza huku na huku kuhusu kapteni niliyepangiwa kuruka naye kwanza, na wote wananiambia jambo lile lile: ni rubani hodari sana, na hapendi kukatizwa.